Waliofungiwa ndani waliacha dawa kinga. Sisi wa Kibirizi tuliacha kwa sababu gani?

Mtoto wa Kibirizi
22 Agosti 2022, saa 3:10 usiku

Wakuu, habari za usiku. Kesho sensa, nchi nzima mapumziko, na giza halijakolea kiasi cha kunilaza mwaloni, kwa hiyo nina muda. Uzi ni mrefu. Asiyependa kusoma apite, na modi naomba usiunganishwe na zile nyuzi za matusi.

Mimi ni mwanaume, nanunua na kuuza dagaa hapa Kigoma, na ninapenda wanaume. Sijaja kuomba kibali cha mtu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu nakijua kuliko wengi wenu, miaka 30 hadi maisha, ndiyo maana jina langu hapa ni la mwalo na picha yangu ni ya mgebuka. Nataka kuongelea dawa kinga tu, na jinsi ilivyotuponyoka mwaka wa korona.

Kwa asiyejua: dawa kinga, wengine wanaiita PrEP, ni kidonge anachomeza mtu ambaye HANA virusi ili asivipate. Marekani waliiruhusu Julai 2012, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa kila aliye kwenye hatari kubwa. Ukiimeza inavyotakiwa, hatari ya kuambukizwa VVU kwa ngono inashuka kwa asilimia 99 hivi. Kaswende na kisonono haizuii, kwa hiyo msinirukie na habari za kondomu, nazijua.

Mimi nilianzishwa Dar mwaka 2019, kwenye mradi. Dada mmoja muuguzi alinipima VVU, akanipima ini na figo, akanipa kopo la vidonge 30, nikawa narudi kwake. Mwisho wa Februari 2020 biashara ikanirudisha nyumbani. Nikapanda treni na makopo matatu, kila moja nimeligandamiza pamba ndani, maana kopo la vidonge ukitembea nalo linalia kama kayamba na behewa zima linajua mgonjwa ni nani. Bado lililia. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akaniuliza kama nimebeba mbegu za mchicha. Nikamwambia ndiyo. Akaomba kidogo.

Machi 16 mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa, kule Arusha, na kesho yake shule zikafungwa. Sasa sikilizeni vizuri hapa. Tulikuwa na kikundi chetu cha WhatsApp, wengine wapo Nairobi, wengine London, mmoja Amsterdam. Aprili ile kila ukifungua unakuta mtu kaandika: nimeacha dawa, sijaguswa na mtu tangu mwezi uliopita, nameza ya nini? Na alikuwa sahihi. Uingereza walifungiwa tangu Machi 23, ruhusa ya kutoka ni kununua chakula na kunyoosha miguu. Mtu anaishi peke yake ghorofani, virusi vitamfikia kwa kupitia bomba la maji?

Na sisi tukaacha. Wote wanne tunaojuana hapa mjini. Mmoja wetu akaandika kwenye kikundi "na sisi huku tumepumzika", akaweka kile kikaragosi kinachokoroma.

Jamani, tulipumzika nini? Nani alifungiwa Kigoma? Mitumbwi ilitoka kama kawaida, dagaa walianikwa, mawese yalipimwa, Mwanga sokoni watu walisukumana. Tulinawa kwenye ndoo, tulijifukiza nyungu, barakoa tulivaa wiki ya kwanza. Baadaye hata idadi ya wagonjwa hatukuisikia tena, ilikomea 509. Na usiku maisha yetu yalikuwa yale yale, nadhani yalizidi, maana vijana wa vyuo walirudishwa nyumbani hawana la kufanya. Kilichofungwa kwetu ni mlango wa dawa peke yake. Mikutano ya mradi ilisimama, mwelimishaji rika akawa hapatikani kwa simu, na kutuma kopo kwa basi kutoka Dar kunataka jina la mpokeaji liandikwe juu ya kifurushi kwa kalamu nene. Nani atakubali?

Mimi kopo la kwanza nililimeza kila siku hadi mwisho wa Machi. La pili nikaanza kulinyoosha, leo nameza, kesho naruka, likafika mwisho wa Mei. Juni nikaacha kabisa.

Rafiki yangu, nitamwita Kuhe, aliacha tangu Aprili. Katikati ya Oktoba akashikwa na homa, koo linauma, mwili mzito. Korona hiyo. Tukamfunika blanketi na sufuria ya mchaichai, malimau na majani ya mwarobaini siku tatu, akapona, tukajisifu. Novemba akapata kopo la dawa kinga, akaanza kumeza upya bila kupima. Februari 2021 akapima. Anavyo.

Mimi kuacha siuoni kama uzembe. Watu wataacha: kwa safari, kwa kukosa nauli, kwa kuachana na mpenzi. Kilichomwangusha mwenzetu ni namna alivyorudia. Nauliza: nani mwingine aliacha mwaka ule, na alirudia vipi?

Nyamhanga
saa 3:31 usiku

Modi mpo? Tumeishiwa mada kiasi hiki? Halafu mnashangaa mvua hazinyeshi.

Mama Lishe Ujiji
saa 3:40 usiku

Wewe Nyamhanga umesoma mstari kwa mstari hadi mwisho ndiyo ukaona laana? Wenzako wanaongea dawa. Tena niwaambie, hao wanaume wengi wana wake nyumbani. Mimi nauza chai alfajiri, nayajua mengi kuliko shehe na padri wakiunganishwa. Kwa hiyo uzi huu na mimi unanihusu, na mkeo unamhusu. Endelea mwanangu.

Dodo la Tabora
saa 4:02 usiku

Samahani kwa ujinga mkuu. Hizo si ndizo ARV zile zile wanazomeza watu wanaoishi na VVU? Sasa kama Kuhe alikuwa tayari anavyo na akazimeza, si ndiyo vizuri, amejitibu bila kujua?

Nesi wa Ng'ambo
saa 4:48 usiku

Mtoto wa Kibirizi, pole mdogo wangu, na asante. Mimi ni muuguzi mstaafu, nipo hapa Tabora, CTC, kliniki ya wenye VVU, nimekaa miaka mingi. Naanza na Dodo, jirani yangu.

Hapana, hakujitibu. ARV ni ukoo. Mwenye virusi anapewa dawa tatu kwa pamoja. Hapa nchini tangu 2019 ni kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Dawa kinga ina mbili tu: tenofovir na emtricitabine, au lamivudine mahali pa hiyo ya pili. Mbili zinatosha kumzuia mwizi akiwa bado dirishani. Akishaingia na kuzaa watoto ndani ya nyumba, hazimtoi, zinamfundisha. Virusi vinazoea dawa, na kwa emtricitabine na lamivudine usugu huo unakuja upesi. Ndiyo maana tunapima kabla ya kuanza, na tunarudia kupima kila miezi mitatu. Wateja walikuwa wananiona nawachosha.

Sasa ile homa ya Oktoba. Wiki mbili hadi nne baada ya virusi kuingia, watu wengi hupata homa, koo, tezi, wengine vipele. Kwa macho huwezi kuitofautisha na korona. Siwezi kuapa kuwa ndiyo ilikuwa yenyewe kwa Kuhe, ila kalenda inanitisha. Mwaka ule kila homa ilikuwa na jina moja. Zamani jina lilikuwa malaria, na huko nako tulipitwa na wengi. Hata angekimbilia kipimo cha haraka siku ile ya nyungu, huenda kingesema hana, kwa sababu kile kinatafuta kingamwili za mwili, hakitafuti virusi vyenyewe, na kingamwili zinachelewa. Unapima, unasubiri, unapima tena, na katikati hapo humezi dawa za kuokota.

Na ikiwa umeteleza jana au juzi, hiyo si kazi ya dawa kinga. Kuna PEP, dawa ya dharura ya baada ya tukio, inaanza ndani ya saa 72, inamezwa siku 28, na haraka ni bora kuliko kusubiri saa ya 71.

Kuhusu kunyoosha kidonge, leo meza kesho ruka. Wengine watakukaripia, mimi nitakupa hesabu. Kuna utafiti uliitwa iPrEx, ulitoka 2010, washiriki 2,499 kutoka Peru, Ekwado, Brazil, Marekani, Afrika Kusini na Thailand. Kwa jumla ulinzi ulikuwa asilimia 44, watu wakasema dawa gani hiyo. Walipopima damu wakakuta wengi waliosema wanameza hawakumeza. Baadaye wakakadiria kwa wanaume: vidonge viwili kwa wiki ulinzi asilimia 76, vinne 96, saba 99. Kwa hiyo wewe Aprili na Mei hukuwa uchi kabisa. Ila mwanamke asijaribu, Mama Lishe sikia na hili, ukeni dawa haijikusanyi kwa wingi kama kwenye njia ya haja kubwa, mwanamke anahitaji karibu kila siku.

Kuacha nako kuna taratibu. Mwenye virusi vya homa ya ini B, tenofovir inavikandamiza. Akiacha ghafla ini linaweza kuwaka. Yule dada wa Dar alikupima ini. Jibu lake unalikumbuka?

Na swali langu la mwisho. Umesema ulipanda treni na makopo matatu. La kwanza likaisha Machi. La pili likaisha Mei. Juni ukaacha. Mimi nimehesabu vidonge maisha yangu yote. La tatu liko wapi?

Mbeba Boksi
saa 5:15 usiku

Nipo London, na kile kikundi cha WhatsApp mimi nilikuwemo. Tena nadhani mimi ndiye niliyeandika "nameza ya nini".

Nikiri kitu. Ni kweli tuliacha, kliniki zilifunga milango wakawa wanapiga simu, na mtu ungeonekana kichaa kumeza kidonge cha ngono huku hata kumkumbatia jirani ni kosa. Lakini kulikuwa na nusu ya pili ambayo hatukuwaandikia. Huku walituhimiza tujipime wakati ule ule wa kufungiwa. Hoja yao ilikuwa nzuri sana: umekaa wiki nyingi hujakutana na mtu, muda wa kingamwili kuchelewa umeshapita, kipimo kikisema huna basi huna. Kipimo kinakuja kwa posta, unajichoma kidole, unarudisha. Kabla sijarudia dawa nilipima. Kwenye kikundi nikatuma ile sehemu tamu ya kuacha, ya kupima sikuiona kama ni habari.

Msidhani pia huku ilikuwa peponi. England walianza kuitoa bure kwa wote wanaohitaji Oktoba 2020, katikati ya korona. Kabla ya hapo ilikuwa majaribio yenye nafasi za kuhesabu, sisi wengine tuliagiza mtandaoni kwa hela zetu. Na Marekani nako kulikatika: kliniki moja kubwa ya Boston inayohudumia watu kama sisi, walioanzishwa dawa kinga walipungua kwa asilimia 72 kati ya Januari na Aprili 2020. Mwaka ule nchi nzima waliogunduliwa na VVU walishuka kwa asilimia 17, ukisoma haraka unapiga makofi. Wataalamu wao wenyewe wakasema subirini, waliopungua ni waliopimwa.

Mwalimu wa Kasulu
saa 5:37 usiku

Mnasahau kitu kingine kilichoharibu. Kulikuwa na maneno kwamba dawa hizi zinazuia korona. Mimi niliyasikia huku Kasulu, kwa mtu mwenye shahada.

Chanzo chake nilikuja kukitafuta. Juni 2020 Wahispania walichapisha takwimu za watu 77,590 wanaoishi na VVU na wanaotumia dawa. Waliokuwa kwenye tenofovir na emtricitabine walionekana kulazwa kwa korona mara chache kuliko waliokuwa kwenye dawa nyingine. Waandishi walisema hii haithibitishi kitu, ichunguzwe zaidi. Lakini kutoka Madrid hadi Kasulu ni mbali, na maneno yanavua nguo njiani. Yalipofika hapa yalikuwa "ukimeza hizo korona haikugusi". Mwezi uliofuata Shirika la Afya Duniani likasema nchi 73 ziko hatarini kuishiwa ARV kwa sababu ya korona, kwa kuwa viwanda vingi viko India na India ilikuwa imefungwa na ndege hazitembei. Dawa za watu zinakaribia kwisha, na mwenye shahada anatafuta za kujikinga mafua.

Dodo la Tabora
saa 5:50 usiku

Asante Nesi, shikamoo. Nimesikia kuna namna ya kumeza siku ya tukio tu. Ni kweli au ni za vijiweni?

Nesi wa Ng'ambo
saa 6:05 usiku

Marahaba. Ni kweli, kwa wanaume. Ilijaribiwa Ufaransa na Kanada, majibu yakatoka 2015, maambukizi yalipungua kwa asilimia 86, na mwaka 2019 Shirika la Afya likaikubali kwa wanaume wanaofanya na wanaume. Vidonge viwili kati ya saa 2 na saa 24 kabla, kimoja saa 24 baada ya vile viwili, kingine saa 24 tena. Mwenye homa ya ini B asiiguse njia hii. Na inataka mtu anayejua leo kuwa kesho atakutana na mtu. Nyie wa Tabora ninavyowajua, mnajua saa ngapi?

Kuna na sindano ya kila miezi miwili, cabotegravir. Majaribio yake kwa wanaume na kwa wanawake waliobadili jinsia yalikatizwa mapema Mei 2020, korona ikiwa imepamba moto, kwa kuwa ilionekana wazi inawakinga kuliko kidonge. Marekani wameiruhusu Desemba iliyopita, na mwezi uliopita Shirika la Afya nalo limeipendekeza.

Mtoto wa Kibirizi, upo?

Mtoto wa Kibirizi
saa 6:11 usiku

Nipo dada. Hiyo sindano ije haraka, sindano hailii kayamba. Ini nilikuwa salama, nakumbuka. Mbeba Boksi usijilaumu, hukutuambia tuache, sisi ndio tulijisomea barua ya mtu mwingine.

Nesi wa Ng'ambo
saa 6:13 usiku

Nimeuliza kopo.

Nyamhanga
saa 6:20 usiku

Swali tu, msinishambulie. Hiyo ya kujipima mwenyewe, hapa Tanzania inaruhusiwa au mtu anakamatwa?

Mama Lishe Ujiji
saa 6:22 usiku

Eheee. Mvua zimeanza kunyesha.

Nesi wa Ng'ambo
saa 6:26 usiku

Mama, muache. Nyamhanga, inaruhusiwa. Bunge lilirekebisha sheria Novemba 2019, tangu hapo mtu anaweza kujipima mwenyewe. Unapitisha kijiti kwenye fizi, unasubiri dakika 20. Kikionyesha mistari miwili hujahukumiwa, unakwenda kituoni wakuthibitishie kwa kipimo cha damu. Ukiwa unameza dawa kinga usikitegemee hicho cha fizi peke yake.

Mtoto wa Kibirizi
saa 7:40 usiku

Nilizima data nikatoka nje kidogo. Taa za mitumbwi zinaonekana huko ziwani.

Kopo la tatu nilimpa mimi.

Alikuja Novemba jioni, nimekaa nahesabu magunia. Akasema amepata mtu, kijana mstaarabu, na amesikia ile dawa inazuia na korona, ile ile hadithi ya Mwalimu. Akaniuliza kama ninayo. Nilikuwa nayo, haijafunguliwa, nimeificha ndani ya mfuko wa chumvi. Niliona fahari, dada Nesi. Niliona mimi ndiye mradi sasa, mimi ndiye mwelimishaji rika. Nikampa na maelezo: kila siku, saa ile ile, siku saba za mwanzo usijiamini. Yote niliyoambiwa Dar nilimwambia, isipokuwa sindano ya kidole ya kupima, kwa sababu sikuwa nayo, na kumpeleka kituoni kulikuwa na maana ya sisi wawili kukaa benchi moja mbele ya watu wanaotujua. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimemfukiza kwa mikono yangu.

Kwenye uzi niliandika "akapata kopo". Nilifuta na kuandika mara nne.

Kuhe yupo, anameza kile kidonge cha dawa tatu ulichokitaja. Walimchunguza kwa karibu miezi ya mwanzo, na mwaka huu virusi havionekani kwenye kipimo, ambayo kwa maelezo ya CTC maana yake hamwambukizi mtu kwa ngono. Yule kijana mstaarabu alipima mara tatu, hana. Mimi nilipima, sina, na nimeanza upya kwa utaratibu, safari hii kwa jina langu.

Anajua kuwa nimeandika. Uzi nilimsomea kabla ya kuuweka, na sasa hivi nimempigia kumsomea na hiki kipande. Amenyamaza muda, halafu akasema nimekosea sehemu mbili. Homa haikuwa katikati ya Oktoba, ilikuwa mwishoni, ilikuwa siku ya uchaguzi, hakwenda kupiga kura kwa sababu yake. Na kwenye ile sufuria hatukuweka mwarobaini, tuliweka mkaratusi. Modi, siwezi kuhariri tena, naomba mnirekebishie.